Kungoja Ajira Bila Kuvunjika

Mhadhara wa wazi uliotolewa Morogoro mbele ya wahitimu, wazazi na walimu

Ninyi vijana mliokuja na bahasha za kaki mkidhani huenda leo kuna nafasi za kutangazwa: Nafasi sina. Nimekuja kuzungumzia ile miaka iliyopo kati ya siku ya mahafali na siku ya barua ya ajira, miaka ambayo wengi huipitia kimya kimya wakiamini kwamba kasoro ni yao.

Nianze na hesabu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Walioitwa walizidi 10,000, wakajaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 ikapokea maombi 135,027. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya watu 84 kwa kila nafasi. Sasa tuseme wote 84 walisoma kwa bidii, wote wana vyeti safi, wote walivaa vizuri na kujibu maswali sawasawa. Bado 83 wangerudi nyumbani mikono mitupu. CV nzuri inaweza kubadilisha nani anaingia. Haiwezi kubadilisha wangapi wanaingia.

Kwa hiyo kijana aliyekaa miaka mitano bila ajira, mara nyingi, ni mmoja wa wale 83. Hilo nataka lieleweke kabla sijasema lingine lolote, maana ushauri mwingi tunaowapa vijana unaanza na tuhuma. Unaanza na kuuliza wamekosea wapi. Mimi nasema kukosa nafasi ni jambo moja, na majeraha yanayoletwa na kungoja ni jambo jingine. Nafasi haziko mikononi mwa wengi wetu humu ukumbini. Majeraha ya kungoja yako mikononi mwetu kwa sehemu kubwa, kwa sababu yanaingia kwa njia mbili zinazojulikana: yanamnyang'anya mtu siku zake, kisha yanamnyang'anya watu wake.

Wazazi wangu mliokaa mbele, ninyi mlikulia wakati mwingine. Mwalimu aliyemaliza chuo alipangiwa kituo. Majina yakitoka alifunga sanduku akaenda kuripoti kwa mkurugenzi. Hakuna aliyemuuliza uzoefu wa miaka mitatu. Ninyi mliposema "soma, mwanangu", hamkudanganya. Mlisema mlichokiona kwa macho yenu. Halafu mambo yakabadilika pande mbili kwa wakati mmoja. Tangu 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zilijengwa nchi nzima. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa 2007, na vyuo binafsi vikaongezeka. Watoto wa wakulima waliingia chuo kikuu kwa wingi ambao babu zao wasingeuamini, na hilo ni jema ambalo sitaki mtu alibeze. Upande wa pili, mlango wa utumishi wa umma ukabanwa. Kuanzia 2016 serikali ilisimamisha ajira ili kuwasaka watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi. Aprili 2017 ripoti ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti feki. Uhakiki ulihitajika. Lakini waliokuwa wanahitimu miaka hiyo walikuta foleni imesimama, na nyuma yao kila mwaka wakaongezeka wengine. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2025 walimu waliohitimu tangu 2015 walijikusanya katika umoja wao, NETO, wakipinga, pamoja na mengine, utaratibu wa kuajiriwa kwa usaili. Ukubaliane nao usikubaliane nao, umoja wenyewe ulikuwa na faida moja ya haraka: watu waliokuwa wanaona aibu kila mmoja chumbani kwake waligundua kwamba wako wengi.

Aibu hiyo ina historia, na sisi wenyewe tuliipalilia. Wazee wanakumbuka 1983, Sheria ya Nguvu Kazi ilipopitishwa. Dar es Salaam watu walioshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa na kusafirishwa kwenda vijijini kulima. Nia iliyotajwa ilikuwa uzalishaji. Ila jambo lililobaki vichwani mwetu ni kwamba asiye na kazi ni mzururaji, na mzururaji ni jirani wa mwizi. Mpaka leo kijana akikaa kijiweni saa nne asubuhi tunamtazama kwa jicho lilelile, ingawa Katiba yetu, katika ibara ya 22, inatambua kazi kuwa haki ya kila mtu.

Sasa nieleze kungoja kunavyomfanya mtu. Nitawapeleka mbali kidogo, kwa sababu huko jambo hili lilichunguzwa kwa uangalifu ambao bado sijaona unazidiwa. Kusini mwa jiji la Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal. Karibu kila kaya ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kati ya 1929 na 1930 kiwanda kilifungwa. Watafiti vijana, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuwachunguza watu wale kwa karibu, na mwaka 1933 wakatoa kitabu.

Walichokikuta hakikutarajiwa. Kulikuwa na maktaba ya wafanyakazi. Watu sasa walikuwa na muda wote duniani, na kuazima vitabu hakukuwa na malipo. Ungedhani wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa vilishuka kwa karibu nusu. Magazeti ya siasa yalipoteza wasomaji, vyama vilipoteza wanachama. Watafiti walisimama dirishani wakiangalia barabara kuu na kugundua kwamba wanaume walitembea polepole, wakisimama mara kwa mara bila sababu. Walipoombwa waandike siku yao ilivyokwenda, saa kwa saa, wanaume wengi waliweza kutaja kuamka, kula na kulala. Katikati hawakukumbuka. Wengi walitembea bila hata saa. Wake zao walitembea haraka, maana kupika, kufua na kushona viraka hakukufungwa pamoja na kiwanda.

Jahoda aliendelea kulifikiria jambo hilo maisha yake yote. Alifikia kusema kwamba kazi inaleta mshahara, na nyuma ya mshahara inaleta vitu ambavyo hatuvioni mpaka vikiondoka: inaigawa siku, inamtoa mtu nyumbani akutane na wasio ndugu zake, inamuunganisha na shughuli kubwa kuliko yeye, inampa jina mbele za watu, inamlazimisha afanye kitu. Mtu anayekaa bila kazi muda mrefu anapoteza vyote kwa pamoja. Ndiyo maana kumpa hela ya vocha hakutoshi, ingawa vocha anaihitaji.

Mimi nimeona Marienthal hapahapa Kihonda. Kijana mmoja, mhitimu wa ualimu wa sayansi, alianza kwa nguvu: anaamka saa kumi na mbili, anapitia matangazo, anaandika barua. Baada ya muda akawa anaamka saa nne, kwa sababu nyumba imebaki tupu na hakuna wa kumuuliza. Aliacha kwaya, kwani sare mpya ilitaka mchango. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asionane na mzee wa duka ambaye kila siku humuuliza, kwa upendo kabisa, "Vipi mwalimu, bado?" Kadi ya harusi ya rafiki yake ilikaa mezani bila kufunguliwa. Alijitoa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzake wa chuo siku mmoja alipoweka picha ya kituo chake kipya. Hakuna hata tukio moja kati ya hayo ambalo ni kubwa. Yakijumlishwa, mtu amebaki na chumba na simu.

Kwa binti mambo yanakwenda kwa sura nyingine, na hili wanaume tunapenda kulisahau. Yeye hakosi shughuli. Akimaliza chuo akirudi nyumbani, ukoo mzima unampata. Shangazi anaumwa, apelekwe yeye. Dada kajifungua, akamlee yeye. Kuna msiba Kilosa, apike yeye. Kila akisema ana maombi ya kutuma, anajibiwa, "Wewe si upo tu?" Kijana wa kiume ana saa nyingi ambazo hazina umbo, na binti hana hata saa moja iliyo yake. Wote wawili wanashindwa kutafuta kazi, na wote wawili wanaambiwa hawajitumi.

Na kutafuta kwenyewe kukoje? Nenda kwenye steshenari yoyote pale karibu na stendi ya Msamvu siku ya mwisho ya tangazo. Nilimwona binti amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya kukodi. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, na kwenye kitambulisho cha NIDA jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti. Kumbe anatakiwa kiapo kwa wakili. Wakili yuko, ila kila karatasi anayogonga mhuri ina bei yake. Anamtumia kaka yake ujumbe, anasubiri hela iingie, anakimbia, anarudi. Vyeti vinaskaniwa, faili ni kubwa mno, linapunguzwa. Mfumo unazunguka, kwa sababu maelfu wameingia saa ileile. Yule kijana wa steshenari anamwambia, "Dada, tulia, itakubali." Ikikubali, binti anapewa ujumbe kwamba maombi yamepokelewa. Baada ya hapo huenda asisikie kitu tena. Akiitwa, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano, na nauli na mahali pa kulala ni juu yake. Akifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina linaingia kwenye kanzidata, anangoja tena. Mtu akilipitia hilo mara nyingi akachoka, asiitwe mvivu.

Kuna jambo la kitakwimu hapa linalonikera. Katika kipimo cha kimataifa, asiye na kazi huhesabiwa kama hana kazi, yuko tayari kufanya kazi, na anatafuta. Aliyefanya kibarua hata cha saa moja katika wiki inayoulizwa anahesabiwa ameajiriwa. Na aliyekata tamaa akaacha kutafuta anatoka kwenye hesabu kabisa. Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu hutumia pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, na ni vizuri ifanye hivyo. Lakini msomaji wa gazeti anayeona asilimia ndogo na kudhani hali ni shwari ajue kwamba waliovunjika zaidi ndio wepesi zaidi kutoonekana.

Sasa ushauri. Nitasema kwanza tuache nini. Tuache kuwaambia vijana "utapata tu". Najua tunasema kwa huruma. Nchini Uganda watafiti, akiwemo Oriana Bandiera, waliwafuatilia vijana kwa miaka sita. Baadhi walifundishwa ufundi. Kati ya waliofundishwa, kundi moja liliongezewa huduma: majina yao yalipelekwa kwa waajiri ili waitwe. Waajiri walioita walikuwa wachache kuliko vijana walivyotarajia. Vijana wale wakapoa. Wakapunguza kutafuta, wakashusha malengo, na miaka baadaye walikuwa na kazi duni kuliko wenzao waliopata ufundi uleule bila ile ahadi. Matumaini makubwa yasiyo na msingi yaliwaumiza zaidi kuliko kukosa ahadi yoyote. Kijana aambiwe ukweli mapema: katika tangazo kama hili wataomba makumi kwa nafasi moja, huenda ukaomba mara nyingi sana kabla ya kuitwa, ukimya wao haukupimi wewe. Anayeijua hesabu hiyo tangu mwanzo hufika mbali kuliko anayeahidiwa.

Kisha tulinde siku. Ninawashauri vijana watenge saa za kutafuta kazi na wazifunge. Asubuhi mbili au tatu kwa wiki zatosha kabisa: kupitia matangazo, kuandika, kufuatilia. Nje ya saa hizo simu iwekwe chini. Mtu anayetafuta kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane haongezi nafasi duniani; anaongeza tu mara za kukataliwa ndani ya siku moja. Saa zilizobaki ziwe na shughuli yenye mahali na muda wake: bustani ya mbogamboga, kufundisha watoto wa mtaa hesabu saa kumi jioni, duka la mama kuanzia saa mbili hadi saa saba. Muhimu ni kwamba kuna mtu anayekungoja, na usipofika ataulizia.

Tafuteni pamoja. Nimeona vijana wa hapa mjini wanaokutana maktaba ya mkoa. Mmoja ana kompyuta mpakato, mwingine ana kifurushi, wa tatu ana Kiingereza kizuri. Wanasomeana barua, wanaulizana maswali ya usaili, mmoja akiitwa Dodoma wengine wanachanga nauli. Ninyi mtasema, lakini wanashindania nafasi zilezile! Ni kweli. Nami nawajibu kwamba mshindani wako wa kweli yuko kati ya wale 135,000, si huyu mmoja aliyekaa mbele yako. Na kundi hilo linafanya kile Jahoda alichokiona kimepotea Marienthal: linamtoa mtu nyumbani, linampa saa ya kufika, na anaonekana kuwa ana faida kwa mwenzake.

Nauli na karatasi si mambo madogo, msiyadharau. Addis Ababa, nchini Ethiopia, vijana waliokaa pembezoni mwa jiji walipewa nauli ya kwenda katikati, ambako matangazo ya kazi hubandikwa kwenye mbao; kwa muda mfupi uwezekano wao wa kupata kazi bora uliongezeka kidogo. Kundi jingine lilisaidiwa kuandaa CV na kujizoeza usaili, likapimwa ujuzi na kupewa vyeti vya vipimo. Miaka minne baadaye kipato cha kundi hilo kilikuwa kimepanda. Afrika Kusini nako ilionekana kwamba waombaji walioambatanisha barua ya mwajiri wa zamani waliitwa zaidi, lakini wachache sana huomba barua hiyo. Kwa hiyo kijana uliyebeba zege wiki sita kwa fundi mmoja, mwombe akuandikie mistari mitano na namba yake ya simu. Fundi anayesema "huyu anawahi na haibi vifaa" anaweza kukusaidia kuliko mheshimiwa asiyekujua.

Hilo linanileta kwenye pengo la miaka katika CV. Nchini Marekani watafiti walituma maombi ya kubuni yapatayo 12,000 kwa matangazo yapatayo 3,000, wakibadilisha muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri muda ulivyokuwa mrefu ndivyo walivyoitwa kwa uchache, na kushuka kulikuwa kukubwa katika miezi minane ya mwanzo. Waajiri wanasoma pengo kama dosari ya mtu. Ni dhuluma, kwani pengo lenyewe wamelisababisha wao kwa kutoajiri, lakini lipo. Lijazeni kwa ukweli. Deiwaka ya daladala, kibarua cha mashamba ya miwa, kuuza vitenge, kusimamia mahesabu ya kikoba cha mama, hayo yote ni kazi na yana lugha ya kuandikwa kwenye CV: nimetunza mahesabu ya wanachama 30 bila upungufu. Aliyefanya hayo asiandike kwamba alikuwa "nyumbani".

Kujitolea nakuunga mkono kwa masharti. Shule zetu nyingi zinaendeshwa kwa jasho la walimu wa kujitolea, na najua wapo humu ndani. Kujitolea kunampa mtu darasa, kengele, wenzake. Ila kuwe na barua ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kuwe na nauli walau, na mkuu wa shule aandike alichokiona. Mwalimu anayefundisha vipindi kamili mwaka wa nne bila senti ananyonywa, hata kama anayemnyonya ni jirani yake na ana nia njema. Na yeyote atakayewataka hela ya "fomu" au "koneksheni" ili muitwe kazini, iwe ofisini Dar es Salaam au kazi za ndani Oman, mwacheni hapohapo.

Sasa lile neno jiajiri. Tunalirusha kwa vijana kama mtu anavyomrushia anayezama maneno badala ya kamba. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, tunawaambia. Sawa, lakini upwa una wenyewe sasa, na meza ya matunda inataka mtaji, kodi ya mahali na miezi ya hasara kabla ya faida. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize masharti yake kwa undani, na mjue kwamba kundi lililoundwa haraka ili kupata hela huvunjika hela ikiisha. Kundi lile la maktaba, lililokaa pamoja mwaka mzima, lina nafasi kubwa zaidi ya kudumu. Wale mliowahi kuajiriwa mkapunguzwa kazini, ulizieni fao la kukosa ajira: kwa aliyechangia mfuko wa hifadhi kwa miezi 18 au zaidi, sheria za 2018 ziliweka theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Kwa asiyewahi kuajiriwa hakuna kitu, na hapo sera yetu ina tundu.

Wazazi, neno kwenu. Mtoto akirudi jioni, msimuulize kama amepata. Akipata atawaambia mbio. Muulizeni ameshinda wapi na nani. Mkimpa kazi ya nyumbani au ya duka, kubalianeni saa, na mkiweza mpeni kitu kidogo mkononi mwisho wa mwezi, ili naye atoe mchango wa harusi ya rafiki yake, hata elfu kumi, aende akacheze na watu. Binti mlindieni asubuhi zake za kutafuta; ndugu wakisema yupo tu, wajibuni ninyi. Na mkiona halali usiku au analala mchana kutwa, hali, hajali tena kuoga, au anasema bora asingekuwepo, hapo si suala la ajira tena. Sonona ni ugonjwa, na unatibika. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya rufaa aonwe na mtaalamu wa afya ya akili wiki hiyohiyo, na mmoja wenu aende naye mpaka ndani.

Nimebakiza waajiri, na serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote. Sitawadai nafasi wasizokuwa nazo. Ninawadai taarifa. Mamlaka ya Mapato ilipotaja hadharani idadi ya walioomba, iliwapa vijana kitu cha maana: walijua wameshindwa katika nini. Kila tangazo liseme nafasi ni ngapi na majibu yatatoka lini. Asiyechaguliwa atumiwe ujumbe. Mfumo unaoweza kutuma ujumbe wa kupokea maombi unaweza kutuma na wa kukataa. Aliyefanya mchujo aonyeshwe alama zake na alama ya mwisho iliyopita. Aliyemo kwenye kanzidata aarifiwe muda wake unapokwisha. Na kwa walimu, itolewe orodha ya mahitaji kwa somo na kwa mwaka, waziwazi. Mwalimu wa historia aliyemaliza 2016, ambaye leo ana watoto wawili na pikipiki moja, anastahili kujua kama somo lake linahitajiwa au la, ili aamue kuiuza pikipiki akasomee fani nyingine VETA, au aendelee kuomba.